Anayesimama Badala Yangu

Jumapili, 1 Juni

Nimezungumza na wazazi leo, baada ya ibada ya pili. Ukumbi ulijaa hadi tukaazima viti vya plastiki kwa majirani. Nilianza hivi, na nimeridhika na nilivyoanza: "Ndugu zangu, mtoto anayempenda Mungu kwa sababu anamwogopa bado hajampenda, amejificha tu." Kisha makofi upande wa vijana, na kikohozi upande wa wazee.

Nikawaeleza kanuni tatu za nyumba yetu. Hakuna anayemtishia mwenzake kwa jina la Mungu. Hakuna anayesema asichokiamini, hata katika kuombea chakula. Na sala ya mtoto ni mali yake — haulizwi ameomba nini, wala kwa nini amekawia.

Mzee mmoja wa kanisa, yule mwenye duka la vioo, akasimama. Na mtoto akikuuliza, mama, kama moto wa milele upo? Nikamjibu: namwambia nimeutazama uso wa Kristo miaka yote hii na sijaona moto ndani yake. Vijana wakapiga meza! Mchungaji akatabasamu huku akitazama saa.

Wifi yangu hakupiga makofi. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Anaishi nasi, chumba cha uani, tangu alipofiwa. Alikuwa akikunja leso yake na kuikunjua.

Jioni, mezani, binti yetu akaweka kijiko chini. Sisimizi, ndivyo tunavyomwita, kwa udogo wake na kwa kutotulia kwake, ingawa sasa ana miaka tisa.

"Mama, na kama umekosea?"

"Nimekosea nini?"

"Kuhusu moto."

Nikamwambia kwamba kama nimekosea, Mungu atanisahihisha kwa upole. Kaka yake akadakia — tunamwita Wakili, ana miaka kumi na minne na hajawahi kushindwa kesi: "Jibu zuri sana, ila halijajibu swali." Baba yao akacheka hadi akapaliwa. Nami nikacheka. Sisimizi hakucheka. Alinitazama kama fundi anayekutazama kabla ya kutoa futi kamba.

Nimejivunia swali lake.

Jumamosi, 7 Juni

Wifi aliomba ruhusa ya kumpeleka Sisimizi kwenye kundi la maombi la watoto, Jumamosi asubuhi, karibu na kibanda chake cha ushonaji. Mfundishaji ni mwalimu wa chekechea aliyestaafu. Nimewahi kumwona: sauti ya chini, mikono safi, mkoba uliojaa peremende. Watoto humwita Bibi Mwalimu.

Baba watoto hakupenda. "Askofu," akaniambia — hunitania kwa cheo hicho kila nikianza kunyoosha sentensi — "wewe mpenda maswali, umewahi kuuliza kule wanafundishwa nini?"

Nikamjibu kwamba mtoto aliyelelewa kwa uhuru haogopi kusikia lolote. Atasikia, atapima, atachagua.

"Ana miaka tisa. Atapima kwa mizani gani?"

"Kwa mizani tuliyompa."

Akachukua kofia yake na vigingi vyake, akaenda. Kuna viwanja vya kupima ng'ambo ya reli, na mpima ardhi hana Jumamosi.

Sisimizi amerudi mchana. Ametulia mno. Nikauliza mambo yalikuwaje. Mazuri. Mmejifunza nini? Akafikiri kwanza.

"Kusimama badala."

"Badala ya nani?"

"Hiyo ni ya sala, Mama."

Nami nikanyamaza! Kanuni ni kanuni. Niliona hata fahari kidogo: mtoto anaijua mipaka yake na anailinda bila kunikosea adabu.

Peremende alizopewa amempa kaka yake. Zote.

Jumatano, 11 Juni

Foleni ya kutisha kwenye dirisha langu la dawa hospitalini. Babu mmoja kakataa vidonge vyake vya presha kwa sababu vimebadilika rangi. Alizoea vya njano. Hivi vyeupe, akasema, ni vya wagonjwa. Msaidizi wangu alicheka hadi akamwaga trei ya kuhesabia.

Mchana, simu kutoka shuleni. Nikaiacha foleni nikapokea mbio. Lakini ni habari njema! Mwalimu wa darasa alitaka kunipongeza tu: tangu wiki ilipoanza Sisimizi anagawa chakula chake cha mchana kwa wenzake, bila kuambiwa na mtu. Mtoto wako ana moyo, mama, akasema. Hongera kwa malezi.

Nimelichukua tukio hilo kwa hotuba yangu ijayo. Ukarimu usiozaliwa na woga — ndivyo nitakavyoliita.

Jioni Sisimizi alisali kabla ya kula hadi mchuzi ukafanya ngozi juu. Wakili akauliza kama ni sala au ni bajeti ya serikali inasomwa. Nikamkumbusha kanuni ya tatu. Akainua mikono kama mtu aliyekamatwa. Nadhani alitaka kuongeza kitu. Alimtazama dada yake, akaacha.

Alhamisi, 19 Juni

Sketi ya shule ya Sisimizi ilikuwa inashikiliwa na pini. Wifi ameipunguza kiunoni leo, akizungumza na pini mdomoni: mtoto anarefuka, wifi, hata mimi katika umri huo nilikuwa fimbo. Nikakubali.

Lakini nilipomkumbatia — harufu. Pumzi yake. Tamu na kali, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Naijua harufu hiyo. Huja dirishani kwangu na wagonjwa ambao sukari imewapanda bila wao kujua. Nikachukua kipimo cha Wifi, ambaye ana kisukari, nikamtoboa Sisimizi kidole palepale jikoni. Hakulia. Alitazama tone la damu kwa makini, karibu kwa furaha.

Sukari haijapanda. Iko chini kidogo, si ya kutisha. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikarudisha kipimo kwenye kasha.

"Umekula leo, mwanangu?"

"Chakula kilikwisha, Mama."

"Shuleni?"

"Kilikwisha chote."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Hajui kudanganya. Hilo angalau nimelijenga vizuri. Basi kwa nini sijatulia? Nimeosha mikono, na harufu ile bado iko puani.

Jumapili, 22 Juni

Mchungaji ameniita ofisini. Wazee wamemwendea. Pumzika kidogo na semina, mama, akasema, mpaka upepo upite. Nikamwambia Neno halipumziki. Akasema Neno halipumziki, kweli, lakini msemaji anaweza kupewa likizo.

Nimekasirika mchana kutwa. Nimetembea jikoni nikiwajibu watu ambao hawapo.

Kwaya ya watoto iliimba imesimama. Sisimizi alikaa kwenye benchi, ameegemea ukuta. Nikasema moyoni: sasa hata mtoto wanamtenga kwa ajili yangu!

Kwa ajili yangu. Ndivyo nilivyofikiri.

Jumanne, 24 Juni

Ameanguka mstarini, asubuhi, wakiimba wimbo wa shule. Wamemleta hospitalini kwetu. Nilikuwa dirishani, nina pakiti mkononi, nikaona kiatu kimoja kidogo kinapita juu ya machela. Nilikijua kwa kamba yake. Sikumbuki nilivyotoka.

Daktari wa watoto ni mwenzangu wa miaka mingi, mtu wa mizaha. Leo hakutania. Alinivuta nje ya pazia.

"Dada, huyu mtoto hali."

"Anakula. Tunakaa naye mezani."

"Anakaa mezani. Nimekuambia hali. Mwili umeanza kujila wenyewe. Ile pumzi hukuisikia?"

Niliisikia. Nilipima nilichokiogopa, si alichokuwa nacho.

Akawekewa dripu. Usingizi ukamchukua. Wakili alikuja mbio kutoka shuleni kwake, shati nje, akasimama miguuni pa kitanda. Nikamuuliza kama anajua chochote. Akaanza kulia — huyu, asiyelia hata akivunjika! Anajua. Vyumba vyao vimetenganishwa na ubao, na kila jioni humsikia. Asubuhi uji wake humwaga kwenye sinki nikiwa navaa. Cha mchana anagawa. Cha jioni anameza vijiko viwili ili tusigundue.

"Anasimama badala yako, Mama. Wewe husemi kuna moto, na unawafundisha wengine wasiseme. Kwa hiyo wako utakuwa mkubwa zaidi. Anakulipia."

"Na wewe ulikaa kimya!"

"Ulisema sala ya mtu haiingiliwi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja kifungu cha sheria, na machozi yanashuka. "Mara ngapi umesema, Mama? Mpaka kanisani umesema."

Nina maneno kwa kila hadhara. Pale nilimchomekea shati lake tu.

Jioni, nyumbani, nilimkabili Wifi uani. Mashine yake ya kushonea ilikuwa bado inazunguka. Aliisimamisha kwa kiganja. Nilipomweleza alijipiga kifuani.

"Peremende! Waliambiwa waache peremende, wifi, naapa! Kila mtoto achague mtu mmoja wa kwao, aache kitu anachokipenda, mpaka Jumapili hii inayokuja, ya kuwaombea watu wao madhabahuni. Basi! Yupi aliambiwa aache chakula?"

"Na ulijua kwamba amenichagua mimi?"

Akatazama sindano. "Nilifurahi," akasema. "Nisikufiche. Nilifurahi."

Hakuna aliyemwamuru mtoto huyu. Amepewa jambo dogo, akalifikiria mwenyewe hadi mwisho wake, bila kuruka hatua, kama tulivyomzoesha. Kama peremende hufuta kosa dogo, kubwa hufutwa na nini?

Alhamisi, 26 Juni

Amerudi nyumbani jana. Alikunywa mbele ya daktari, kwa adabu, akala ndizi nusu. Nilidhani imekwisha. Tangu tumevuka mlango huu hajagusa kitu.

Nilikwenda kwa Bibi Mwalimu. Sebule safi, picha za watoto ukutani, kila picha na kibandiko cha nyota. Alinikaribisha kwa mikono miwili. Nilizungumza kwa utulivu, sikumtukana. Nilimwomba aje amwambie mtoto kwamba imetosha.

Pole sana, mama, akasema. Mimi nilisema peremende. Lakini Mungu akimwita mtoto mbele zaidi ya pale nilipomwacha, mimi ni nani nimrudishe? Kisha akanishika mkono, kwa upendo kabisa: "Wewe unaweza kumrudisha. Kwa neno moja."

Nimeona vitisho vingi vya watu wa dini. Hiki hakikuwa na sauti ya kitisho. Alinifungia peremende kwa ajili ya Wakili. Nilifika nazo njia panda kabla sijazitupa.

Ijumaa, 27 Juni

Sasa hata maji hataki. Siku za mwisho ni kavu, anasema. Neno hilo kalitoa wapi? Kalitoa kichwani mwake.

Wote wamejaribu. Baba yake alipiga magoti, kijiko mkononi, akimwita kwa majina yote ya utotoni. Meno yamefungwa. Alimshika taya mara moja, akaliachia upesi, akatoka nje akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sijawahi kumwona mgongo umekunjika vile.

Mchungaji alikuja. Alisema mambo mazuri, mengi yakiwa yangu: Mungu ni upendo, Mungu hataki njaa ya mtoto. Sisimizi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti iliyokauka:

"Na wewe, Mchungaji, nani anasimama badala yako?"

Mchungaji akatafuta kofia yake.

Wifi ndiye aliyenivunja. Aliingia ameshika khanga kwa ngumi, akakaa chini sakafuni, akasema: shangazi yako nakuambia, imekubaliwa, mamangu, Mungu amekwisha kupokea, kula sasa.

"Amekuambia, Shangazi?"

Nilimtazama Wifi. Niliomba moyoni — mimi! — kwamba adanganye. Aseme ndiyo, nimeota, nimeona malaika, chochote. Alifungua mdomo. Akaufunga. "Hapana, mamangu. Hajaniambia." Akalia pale pale sakafuni, na Sisimizi akanyoosha mkono akamfuta machozi kwa ncha ya shuka.

Kwa hiyo na yeye ameishika kanuni ya nyumba hii.

Daktari alikuja na dripu nyumbani. Ikashika vizuri, tukageuka kunawa mikono. Tuliporudi sindano ilikuwa juu ya mto, ameitoa mwenyewe, amekandamiza kidole pale penye damu kama tulivyomfundisha kwenye mikwaruzo. Daktari akaniambia mlangoni, bila kunitazama: akifika asubuhi hajanywa, mleteni. Tutampitishia mpira puani, na itabidi ashikwe mikono. Nani atamshika? nikauliza. Nyinyi, akasema. Wageni watamtisha zaidi.

Nilimuuliza Sisimizi kama Jumapili itakapopita atakula. Akafikiri, kwa uaminifu.

"Kama utakuwa umeamini. Kama bado, nitaanza upya."

Jumamosi, 28 Juni

Asubuhi. Naandika nikiwa nimekaa kitandani pake, mgongo ukutani. Hajanywa. Midomo imepasuka katikati. Nikibana ngozi ya mkono wake inabaki imesimama, kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nawafundisha wauguzi wanafunzi ishara hiyo. Nawaambia: mkiiona kwa mtoto, msisubiri.

Gari linanguruma nje. Baba yake amekwisha kufungua lango. Wakili ametandika blanketi kiti cha nyuma. Wamenipa muda wa kugeuza gari tu.

Kwenye kikombe nimekoroga chumvi za kurudisha maji mwilini kutoka dirishani kwangu, vijiko vichache vingetosha kuanzia. Nilipokileta alizungumza kabla yangu.

"Mama, ukiuamini moto, nitakunywa. Sasa hivi. Chote."

"Nitasema lolote utakalo."

"Si lolote." Akavuta pumzi, inamgharimu. "Useme unachokiamini."

Nikasema ninaamini. Lilitoka haraka, kwa ile sauti yangu ya ukumbini. Akaweka kiganja kifuani pangu, kimekauka kama jani, akasikiliza. Akatikisa kichwa. Hakukasirika. Alinihurumia.

Nikajaribu kweli. Nikasema: ninaogopa, mwanangu. Ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Hilo alilisikia, macho yalifunguka zaidi.

"Unaogopa moto?"

Sijui tena ninachokiogopa kinaitwaje. Kama kuna Mungu anayemtazama mtoto huyu asubuhi hii na kuhesabu kiu yake kuwa malipo, basi huyo ninamwogopa, na sitamwabudu kamwe. Kama hayupo wa namna hiyo, basi anayemuua mtoto huyu ni kimya changu. Nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikasema sijaona moto. Mtoto huyu alikuwa safu ya kwanza, miguu haifiki chini.

Naweza kumbeba. Ana uzito wa mfuko wa nguo. Naweza kumshika mikono huku wakimpitishia mpira, nikimwambia sikioni kwamba Mungu hamlazimishi mtu. Na atapona. Na wiki ijayo ataanza upya, kwa siri zaidi.

Au naweza kusema neno moja na kuliamini. Nusu dakika tu! Watu wameamini makubwa kuliko hili kwa sababu ndogo kuliko hii.

Nilipolichukua daftari hili kutoka mfukoni, sijui kwa nini, mazoea tu ya mkono, aliliona. Ananijua nikiandika, hajawahi kuuliza ninaandika nini.

"Sema humo kwanza," akaniambia. "Humo huwa huzungumzi na watu."

Hatasoma. Ameahidi, na ahadi yake ni ahadi. Atanitazama tu usoni nikimaliza kuandika, na atajua. Kikombe amekitaka akishike mwenyewe. Amekishika kwa mikono miwili, kimeegemea goti, na maji yanacheza karibu na ukingo. Anameza mate yasiyokuwepo. Ana kiu! Mungu wangu, ana kiu mtoto huyu, naiona kooni.

Honi. Baba yake anaita jina langu, lile langu hasa, si Askofu.

"Andika, Mama."

Naamini ya kwamba